Jinsi ya kumaliza mbio za iRacing bila kugongana: mwongozo kwa anayeanza na Mazda MX-5

Madereva wengi wapya wa iRacing, mchezo wa kompyuta wa mbio za magari unaochezwa mtandaoni, wanakwama kwenye leseni ya Rookie, ile ya kuanzia, ilhali kasi ya kupanda wanayo. Kinachowashika ni ajali, na ukiwauliza, kila ajali aliisababisha mwingine. Mara nyingi wanasema kweli. Tatizo ni kwamba mfumo hautafuti mkosaji, na gari lililopinda haliponi kwa sababu haki ilikuwa yako. Kinachokuokoa ni kuendesha kwa namna ambayo walio karibu nawe wanajua utafanya nini kabla hujafanya, na wewe kuwasoma wao mapema vilevile. Hatua zote zifuatazo zinajengwa juu ya hilo.

Hatua ya 1: Jua makosa yanavyohesabiwa

Ukitoka nje ya njia kwa magurudumu yote manne, unaandikiwa 1x, yaani alama moja ya kosa. Gari likikuponyoka likazunguka, 2x. Ukigonga ukuta kwa nguvu, 2x. Mkigongana kwa nguvu kwenye mbio za lami, 4x kwa kila mmoja, aliyegonga na aliyegongwa. Mguso mwepesi huandikwa 0x na haukugharimu kitu. Makosa yakifuatana papo hapo, kwa mfano umegongwa, ukazunguka, ukaishia kwenye nyasi, linahesabiwa lile kubwa tu.

Alama yako ya usalama, ile inayoandikwa SR na ambayo kupanda leseni kunaitegemea, huanza na 2.50. Inapimwa kwa uwiano: umepita kona ngapi kwa kila kosa. Ukigongana kwenye kona ya kwanza ukazima kompyuta, umebeba 4x kwa kona moja. Ukitengeneza gari, ukarudi na kutembea mizunguko iliyobaki kwa usafi hata ukiwa wa mwisho, kila kona safi inapunguza uzito wa kosa lile. Kwa hiyo usitoke kwenye mbio kwa hasira. Mazoezi ya kawaida hayagusi SR, kwa hiyo huko uko huru kujaribu.

Hatua ya 2: Weka sawa macho, masikio na mtandao

Anza na upana wa mwono. Ndani ya mipangilio ya picha kuna kikokotoo: unaingiza upana wa skrini na umbali kutoka machoni pako, kinakupa namba. Itumie hata kama mwanzoni utahisi unaona kidogo. Mwono uliopanuliwa kupita kiasi hufanya gari la mbele lionekane liko mbali kuliko lilivyo, na hapo ndipo watu wanapochelewa breki wakiamini wamewahi.

Washa sauti ya msaidizi anayekutangazia kwamba kuna gari kulia au kushoto kwako. Kisha bonyeza F3 upate dirisha linaloonyesha magari yaliyo mbele na nyuma yako pamoja na sekunde zinazowatenganisha. Dirisha hili liwe wazi mbio nzima. Nitalirudia mara kadhaa.

Sasa mtandao, ambao kwetu Afrika Mashariki unahitaji uangalifu wa pekee. Ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi na mbio ziko kwenye seva ya Ulaya au Marekani, taarifa zako zinasafiri mbali kwa kebo za chini ya bahari. Tuseme zinachelewa milisekunde 150. Gari linalokwenda kilomita 150 kwa saa hutembea zaidi ya mita 6 katika muda huo, na MX-5 nzima haifiki mita 4. Kompyuta yako hujaza pengo hilo kwa kukisia mwenzako yuko wapi. Akienda sawasawa, makisio yanakuwa sahihi. Akifunga breki ghafla au akiyumba, makisio yanakosea, na unaweza kuandikiwa 4x kwa gari ambalo kwenye skrini yako hukuligusa.

Tumia waya badala ya Wi-Fi, zima kila kinachopakua kitu nyumbani, na usikimbie ukiwa umeshikana bampa na mwenzako kama wanavyofanya walio jirani na seva. Kufuatana kwa karibu kunakowatosha watu wa Frankfurt, Ujerumani, iliko seva, hakutakutosha wewe.

Hatua ya 3: Fanya mazoezi ya njia mbaya

Watu wengi wanafanya mazoezi wakiwa peke yao, kwenye mstari bora, yaani njia ya haraka zaidi ya kupita kona, wakisaka muda bora. Halafu mbio zinaanza na wanalazimika kuingia kona kutoka upande wa ndani, mahali ambapo hawajawahi kufunga breki hata mara moja.

Tenga nusu ya mazoezi yako kwa haya. Ingia kila kona ukiwa umebana upande wa ndani, uone unatakiwa kuwahi breki kwa kiasi gani. Kisha ingia ukiwa nje kabisa ya mstari, ukiacha nafasi ya gari zima upande wa ndani. Baadaye fungua mbio dhidi ya magari yanayoendeshwa na kompyuta, ambazo hazigusi SR wala leseni, ukae nyuma ya gari moja mizunguko kadhaa bila kulipita. Utagundua kwamba kibao cha umbali ulichokuwa ukikitumia kama alama ya breki kimefichwa na gari la mbele. Tafuta alama nyingine ya pembeni: kivuli, mti, mwanzo wa kingo za rangi.

Usijiandikishe kwenye mbio mpaka uweze kutembea mizunguko kumi mfululizo bila kosa lolote.

Hatua ya 4: Pita salama kona ya kwanza

Chukua Okayama ya Japani, njia ambayo kila Rookie wa MX-5 anakutana nayo mapema. Hapo hapo, wakati ikiitwa TI Circuit Aida, zilifanyika mbio za Formula 1 za Pacific Grand Prix mwaka 1994. Ayrton Senna alianza nafasi ya kwanza, Michael Schumacher akamtangulia kuelekea kona ya kwanza, na Mika Häkkinen akamgusa Senna kwa nyuma. Senna akazunguka, Nicola Larini akamgonga, mbio za wawili hao zikaishia hapo. Kama madereva wa kiwango kile waligongana pale, wewe uliye katikati ya magari ishirini huna sababu ya kuamini kwamba kona hiyo itakupisha tu.

Kinachotokea ni hiki. Dereva wa kwanza anafunga breki mapema kidogo kwa sababu matairi bado ya baridi. Wa pili anafunga mapema zaidi ili asimguse. Wa tatu zaidi ya huyo. Ukifika nafasi ya kumi, alama yako ya breki ya mazoezini imepitwa na wakati. Ukiisubiri, tayari umeshamparamia mtu.

Hesabu ni rahisi. Kwa kilomita 150 kwa saa, nusu sekunde ya kushtuka ni takriban mita 21, zaidi ya urefu wa MX-5 tano. Hakuna mguu unaoweza kurudisha umbali huo.

Kwa hiyo, mzunguko wa kwanza fanya hivi. Achia mafuta kabla ya alama yako ya kawaida, na kanyaga breki taratibu ili wa nyuma naye apate muda. Macho yaangalie gari la tatu mbele yako, siyo bampa lililo puani. Taa za breki za yule wa tatu ndizo zinazokuambia foleni inakuja. Usikae mstari mmoja kabisa na wa mbele. Sogea pembeni kwa nusu ya upana wa gari, ili akisimama ghafla uwe na pa kukwepea. Na ukishachagua upande, baki nao mpaka kona iishe. Anayehama kutoka ndani kwenda nje katikati ya kundi ndiye anayeanzisha ajali nyingi nilizozitazama kwenye video za marudio.

Utapoteza nafasi mbili, pengine tatu. Mara nyingi utazipata mzunguko huohuo, zikiwa zimelala kwenye mchanga.

Hatua ya 5: Kupita na kupitwa

Kabla ya kuovateki jiulize kitu kimoja: mwenzangu ananiona? Ukifika kando yake kabla hajaanza kukata kona, magurudumu yako ya mbele yakiwa usawa wa mlango wake au mbele zaidi, anakuona na anapaswa kukuachia nafasi. Ukitokea mbali nyuma ukajirusha ndani wakati ameshaanza kukata, hakuoni tena, na kosa ni lako hata kama breki zako zilishika vizuri. Kuwasha taa kwa mbali hakukupi haki yoyote.

Ukiwa unalinda nafasi, kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mbio za magari, zinaruhusu kubadili mwelekeo mara moja tu. Ukitaka kurudi kwenye mstari wako baada ya hapo, acha upana wa gari moja pembeni. Kuhama wakati wa kufunga breki ni hatari kuliko yote, kwa sababu aliye nyuma ameshaamua pa kupita na hawezi tena kubadili. Na kumbuka yale makisio ya mtandao: kila mnyumbuko wa ghafla unamfikia mwenzako kwa kuchelewa.

Zipo kona ambazo hazifai kabisa kwa magari mawili sambamba. Corkscrew ya Laguna Seca, njia ya mbio iliyoko California, ni mojawapo: unafika kileleni huoni kilicho chini, njia inaporomoka kushoto kisha kulia papo hapo. Mwaka 1996, katika mzunguko wa mwisho wa mbio za CART za Marekani, Alex Zanardi alimpita Bryan Herta pale kwa kuingia ndani kabisa na kukatiza nje ya lami. Tukio hilo linapendwa hadi leo, na wageni wengi wanajaribu kuliiga. Wewe subiri. Toka vizuri pale chini, na pambana naye kwenye kona ya mwisho, ambako mnaonana.

Hatua ya 6: Ajali ikitokea mbele yako, au ikikupata

Ukiona vumbi au bendera ya njano, punguza mwendo papo hapo, kwa upole, ukitazama nyuma kwenye F3 ili usigongwe. Wengi wanakanyaga mafuta wakitarajia nafasi za bure. Gari lililozunguka hurudi njiani bila kutarajiwa.

Likizunguka lako, kanyaga breki na klachi mpaka mwisho usiachie. Gari lililofungwa breki linaendelea uelekeo mmoja na wenzako wanaweza kulikwepa. Ukiachia, linaviringika kinyumenyume hadi katikati ya njia, na ajali ya mtu mmoja inakuwa ya watu watano. Ukishasimama, hata kama umekaa vibaya, tulia.

Kurudi njiani kuna utaratibu wake. Soma F3: kama kuna gari ndani ya sekunde chache nyuma yako, ngoja lipite. Kisha ingia ukiwa sambamba na njia, ukibaki pembeni mpaka upate kasi, bila kukatiza mstari wa mbio. Kama huwezi kugeuka bila kuziba njia, ita gari la kuvuta likurudishe gereji.

Hatua ya 7: Baada ya mbio

Usiandike kitu kwenye gumzo ukiwa umekasirika. Kama umemgonga mtu, andika samahani fupi na utoke. Kama mtu amekugonga kwa makusudi, hifadhi faili la marudio na upeleke malalamiko kwa iRacing. Kugonga kusudi kunakatazwa na kanuni zao, na malalamiko yenye ushahidi yanashughulikiwa.

Kwa ajali nyingine zote, fungua marudio na uhamishe kamera ndani ya gari la mwenzako. Rudisha nyuma sekunde tano kabla ya mguso. Tazama vioo vyake: ulionekana au hukuonekana? Tazama kama ulibadili upande baada yake. Kisha rudia ukiwa ndani ya gari lako, ukatafute sekunde ile ambayo ungeweza kuachia mafuta. Andika jina la kona hiyo kwenye karatasi iliyo kando ya usukani kabla hujajiandikisha kwa mbio zinazofuata.