Kijiko cha nyuma kwenye trekta dogo: kununua, kufunga na kuchimba

Ukitaja kijiko huku Mtwara na Lindi, mtu anawaza lile dude la manjano la wakandarasi wa barabara. Mimi naongelea kile kidogo cha kufunga nyuma ya trekta la nguvu ya farasi 25 hadi 50. Kinafika chini mita moja na nusu hadi mbili na kidogo, kutegemea ukubwa. Kinachimba mitaro ya bomba, mashimo ya choo, matangi ya ardhini ya kuvunia maji ya mvua kule Newala, na kinang'oa visiki vya mikorosho. Kabla ya yote elewa hili: kijiko kina nguvu kuliko trekta lililokibeba. Ukilazimisha, kitakachovunjika ni trekta.

Hatua ya 1: Kagua trekta kwanza

Pawatila sahau. Trekta nalo liwe na uzito wa kutosha, maana kijiko cha kilo 300 na kuendelea kikining'inia nyuma, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi. Kwenye mchanga wa Tandahimba utaliona hilo mapema: unakata kona, trekta linakwenda moja kwa moja. Dawa yake ni loda mbele (mikono yenye baketi ya kuzolea), au vyuma vya uzito. Soma kitabu cha trekta uone linaruhusiwa kubeba kijiko cha uzito gani. Muuzaji atakwambia "kinaingia tu", na ni kweli kinaingia, ila kuingia siyo kazi.

Hatua ya 2: Fremu

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo pesa na maisha vinapopotelea.

Kuna vijiko vinavyofungwa kwenye mikono mitatu ile ya kuinulia jembe. Ni bei nafuu na vinaingia haraka. Vingine vinakaa kwenye fremu ya chuma inayopita chini ya trekta, kutoka ekseli ya nyuma hadi mbele karibu na loda. Nunua cha fremu.

Jembe linavuta trekta kurudi nyuma, na trekta limeundwa kuvumilia mvuto huo. Kijiko kinasukuma, kinainua, kinapinda. Kikikamata mzizi nawe ukavuta levo, nguvu yote inataka kulikunja trekta katikati, pale injini inapoungana na gia boksi. Hausingi ya klachi ikipasuka hapo umepoteza msimu mzima. Kuna baya zaidi: kijiko cha mikono mitatu kinashikiliwa juu na toplinki, ule mkono wa juu wa katikati. Toplinki ikikatika, au pini yake ikichomoka, kijiko kinaweza kujikunja kuelekea mbele pamoja na kiti chake, opareta akabanwa kati yake na trekta. Fremu inachukua nguvu hiyo na kuisambaza kwenye urefu wote wa trekta.

Kama umepata kijiko kilichotumika kisicho na fremu, fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kukutengenezea. Masharti yangu ni mawili: asichomelee chochote kwenye mwili wa trekta, na fremu ifungwe kwa boliti kwenye matundu ya kiwandani. Ukishafanya kazi saa chache za mwanzo, kaza boliti zote upya.

Hatua ya 3: Oili

Kijiko kinapata oili kutoka kwenye trekta lenyewe, au kwenye pampu yake inayozungushwa na PTO (shafti ya nyuma ya trekta inayoendesha zana) ikiwa na tangi lake. Kwenye matrekta mengi madogo, oili ya haidroliki ndiyo hiyo hiyo ya gia boksi. Kwa hiyo vumbi linaloingia kwenye kiunganishi cha mpira litakwenda mpaka kwenye gia. Kwa vumbi letu hili napendelea pampu ya PTO, ingawa unaongeza kitu kingine cha kuvuja.

Unapofungua mipira, zima injini kwanza, chezesha levo zote ili presha itoke, ndipo uchomoe na kuziba ncha kwa vifuniko. Ukiiacha mipira juani, oili iliyofungiwa ndani inatanuka na kesho yake viunganishi vinagoma kuingia. Usigonge kwa nyundo. Funika kwa gunia bichi, kanywe chai, urudi.

Hatua ya 4: Chagua kazi na wakati

Fedha ya korosho ikishaingia, simu hazikatiki: kila mtu anataka choo, tangi, msingi. Bahati mbaya minada ya korosho inapochanganya ndipo na mvua zinapokaribia, na mchanga wa juu kule Makonde ukilowa kuta za shimo hazisimami. Nikipata nafasi ya kupanga, mashimo marefu nayamaliza kabla ya mvua, mitaro mifupi inasubiri. Udongo wa mbuga ni kinyume chake: wakati wa kiangazi meno yanateleza juu yake, mvua za kwanza zikipita unachimbika, zikizidi unaganda kwenye baketi na haudondoki.

Pwani, kuanzia Mikindani hadi Kilwa, ukikuta mwamba wa matumbawe mwambie mteja ukweli. Kijiko kidogo hakivunji mwamba. Watangulie watu wa mtaimbo na sururu, wewe uje kuzoa.

Halafu uliza kilichozikwa: bomba za maji, nyaya za umeme, mkongo wa mawasiliano. Kwetu kuna na bomba la gesi linalotoka Madimba kwenda Dar es Salaam. Ukiona nguzo za alama zake, usitie jino mpaka TPDC, shirika la mafuta na gesi la taifa, wawe wamefika na kukuonyesha. Njia ya mtaro ichore kwa majivu au chokaa.

Hatua ya 5: Kuchimba

Simamisha trekta pasawa, gia huru, breki ya mkono. Shusha baketi ya loda ikandamize ardhi, kisha shusha miguu ya pembeni mpaka uzito wa nyuma uhame kutoka kwenye matairi. Penye mchanga weka vipande vya mbao nene chini ya miguu, la sivyo mguu mmoja unazama na trekta linalala upande.

Chimba kwa mkono wa kati na baketi, siyo kwa bumu, ule mkono mkubwa unaoanzia kwenye trekta. Meno yaingie kwa kulala kidogo, ukwangue tabaka la kiganja kimoja hivi, ukunje, uinue, umwage. Anayezamisha baketi yote kwa pupa anasikia injini ikikoroma na trekta likiburutwa kurudi shimoni. Usisawazishe udongo kwa kuyumbisha bumu kushoto na kulia. Pini na silinda za kuzungusha ndizo dhaifu kuliko zote, na spea yake huipati kesho.

Udongo uliotoka uweke angalau sentimita 60 kutoka ukingoni. Mita moja ya ujazo ya udongo ni kama tani moja na nusu, ikimwangukia mtu hatoki. Kwa hiyo mtaro ukizidi kimo cha kifua, hakuna kushuka kunyoosha bomba mpaka kuta zimeegemezwa mbao au zimechongwa mlalo. Kona za shimo la choo kijiko hakizifikii vizuri. Hizo zimalizwe kwa sururu na koleo zingali fupi, kidogo kidogo kadiri unavyoshuka.

Kisiki cha mkorosho wa zamani usikivute. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza ulioanza 1947 na kufutwa 1951 ulileta mashine kubwa mpaka Nachingwea, na hata hizo kusafisha pori kulizitoa jasho. Funga baketi nyembamba ya sentimita 30, chimba mfereji kukizunguka umbali wa hatua moja, ukitafuta mizizi. Mzizi mwembamba unakatika kwa jino. Ule wa unene wa paja ufichue, zima injini, mwite mtu wa shoka. Ukishazunguka wote, ingiza meno chini na ukitikise taratibu. Kikigoma, kuna mzizi hujauona. Rudi kuchimba.

Hatua ya 6: Utunzaji

Grisi kila siku ya kazi, kila nipo (chuchu ya kupigia grisi), mpaka grisi chafu itoke pembeni ya bushi. Futa nipo kwanza, usije ukasukuma mchanga ndani.

Mpira ukivuja usipapase kwa mkono. Oili yenye presha inatoboa ngozi kupitia tundu usiloliona, na jeraha hilo ni la kukimbiza hospitali hata kama linaonekana dogo. Pitisha kipande cha boksi. Mpira mpya uagize kwa kupeleka ule wa zamani na ncha zake, vipimo vya kukisia vitakula nauli ya basi la Dar bure.

Msimu wa dawa ya mikorosho ukifika, kivue kijiko ili trekta likafanye kazi nyingine. Kiegeshe kwenye zege au mbao, juu ya miguu yake na baketi, silinda zikiwa zimeingia ndani kadiri inavyowezekana. Sehemu ya fimbo ya silinda inayobaki nje ipake grisi nzito. Kwa aliye karibu na bahari hili halina mjadala: chumvi ikila fimbo ya kromu, kutu hiyo itachana sili siku ya kwanza ya kazi.