Aunt Sally: jinsi ya kumwangusha mdoli wa Oxford bila kugusa chuma

Kama utotoni uliwahi kurushia fimbo maembe ya jirani, basi nusu ya ujuzi unayo. Nusu hiyo hiyo ndiyo itakayokuponza. Mimi ilinichukua msimu mzima kuisahau.

Aunt Sally, mchezo wa kumwangusha mdoli wa mti kwa kumrushia magongo, huchezwa kwenye bustani za nyuma za baa, Oxford, Uingereza, na vijiji vinavyouzunguka mji huo, jioni za kiangazi, katika ligi zenye ratiba na ubishi kama wa mpira. Ukienda mbali na Oxfordshire, mkoa wenye mji huo, Waingereza wenyewe watakuuliza unasema nini.

Hatua ya 1: Vijue vifaa

Mdoli ni kipande cha mti cha mviringo kilichopakwa rangi nyeupe, kimo sentimita 15, upana kama 7. Hana sura wala mikono. Magongo ni sita (ya mti, si ya kunywa), kila moja urefu sentimita 45 na unene 5. Halafu kuna chuma: nondo iliyochomekwa ardhini, na juu yake mkono unaozunguka, wenye kikalio kidogo anaposimama mdoli. Nyuma hutundikwa turubai la kuzuia magongo.

Kuhusu jina: katika karne ya 19, kwenye maonyesho ya mitaani, Aunt Sally alikuwa sanamu ya kichwa cha bibi kizee, mara nyingi mweusi, mwenye kiko mdomoni, na watu walilipa ili wamrushie vitu. Nilipolijua hilo sikwenda kucheza kwa wiki mbili. Nilirudi kwa sababu pale baa ni kipande cha mti tu, na wengi niliowaeleza habari hiyo walishtuka kuliko mimi. Wao walikuwa wamezoea simulizi nyingine, ya askari wa Mfalme Charles I, aliyeweka makao yake Oxford kuanzia 1642 hadi 1646, kwamba walibuni mchezo kwa kuchoka kukaa bure. Hadithi tamu, sijaona wa kuithibitisha.

Hatua ya 2: Simama

Mita 9 kutoka kwenye chuma. Kama unatumia mkono wa kulia, tanguliza mguu wa kushoto, na usivuke mstari.

Hatua ya 3: Rusha kutoka chini

Hapa ndipo embe linapokuponza. Embe unalirushia kwa kuinua mkono juu ya bega, kwa nguvu zote. Huku mkono unatoka chini, unapita karibu na paja, kama mtu anayemwaga maji ya ndoo kwa mbali. Jioni yangu ya kwanza nilirusha kama kijijini kwetu, nikaambiwa kwa upole kwamba gongo hilo halihesabiki.

Kila mchezaji ana mtindo wake. Mimi nalishika gongo karibu na ncha, naliachia mkono unapofika usawa wa kiuno, na naliacha lisafiri likiwa limelala. Sababu ni hesabu tu: gongo lililolala lina upana wa sentimita 45, kwa hiyo likipotea kidogo kushoto au kulia bado litamgusa mdoli. Kinachobaki kukusumbua ni kimo.

Hatua ya 4: Lenga nusu ya juu

Wageni wote hulenga katikati, na wote hupiga chuma. Ukigusa chuma kwanza, mdoli ataruka vizuri sana, utashangilia, halafu mwamuzi atatikisa kichwa: hakuna pointi. Pointi ni kumpiga mdoli mwenyewe, kwanza. Kwa hiyo sahau kiuno chake, angalia kichwa. Magongo yako mawili ya mwanzo yakipita juu yake, usiogope. Kuteremsha kidogo ni rahisi kuliko kuacha tabia ya kupiga chuma. Sikiliza pia: mti kwa mti hutoa mlio mkavu, chuma hulia kama kengele. Baada ya mwezi utaijua pointi hata ukiwa umefumba macho.

Hatua ya 5: Hesabu

Timu ina watu wanane. Kila mmoja hurusha magongo sita, hiyo ni raundi moja, yaani magongo 48 kwa timu. Raundi ni tatu. Timu iliyomwangusha mdoli mara nyingi zaidi huchukua raundi. Ukikosa yote sita umepata blobu, na bustani nzima itahakikisha umesikia. Blobu zangu za msimu wa kwanza nimeacha kuzihesabu.

Hatua ya 6: Usirushe mapema

Kuna mtu anayesimamisha mdoli tena baada ya kila pigo. Msubiri atoke kabisa. Gongo likigonga chuma huruka upande wowote, na watoto wasikae karibu na turubai.

Kupata timu si kazi. Ulizia baa ya karibu jioni wanayofanyia mazoezi. Karibu kila timu hupungukiwa mtu wa nane kunapokuwa na mvua. Na kama hunywi pombe, agiza juisi ya machungwa. Mimi nimeinywa miaka yote, na ninachoulizwa ni blobu ngapi tu.