Zima umeme wa nyumba yako jioni moja uone: jinsi ya kujiandaa kabla shida haijabisha hodi

Chagua jioni moja wiki hii ambayo wote mko nyumbani, giza likishaingia nenda kazime meinswichi, na koki kubwa ya maji nayo ifunge. Kama nyumbani kuna mgonjwa anayetegemea mashine ya umeme basi usizime, yeye ndo wa kumpangia kwanza kabla ya kitu chochote. Kaeni hivyo masaa mawili matatu. Utajifunza mengi kuliko kusoma orodha mia za vitu vya kununua, maana wengi wetu vitu tunavyo, ila hatujui viko wapi au vipo na havifanyi kazi. Mimi mara ya kwanza kufanya hivi tochi niliipata baada ya dakika kumi, kuifungua nakuta betri zimevuja ndani na zimekula vyuma vyote, tochi nzuri kabisa imekufa hivyo. Toka siku hiyo betri nazitoa, nazifunga pembeni ya tochi kwa raba bendi, na tochi inaning'inia kwenye msumari mmoja karibu na mlango, haihami hapo hata siku moja.

Wakati wa zoezi shika kalamu na uandike kila mtu anachouliza. Kiberiti kiko wapi, maji ya kunywa yako wapi, nani anakumbuka namba ya shangazi kichwani simu ikizima. Hayo maswali ndo orodha yako, na inakufaa kuliko ya mtu mwingine.

Maji ndo yanaisha haraka kuliko unavyodhani. Hesabu lita 4 kwa mtu mmoja kwa siku, za kunywa, kupikia na usafi mdogo mdogo, na uweke za siku 3 angalau. Watu watano ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20, wala sio mengi. Dumu liwe safi, lina mfuniko, likae pasipopigwa jua, na maji ubadilishe kila miezi 6. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au sumu ya wadudu usilitumie hata ulioshe vipi. Ikitokea umebaki na maji ya mashaka, yachuje kwa kitambaa safi afu uchemshe, yakianza kutokota kwa nguvu hesabu dakika 1 nzima, na kama mko milimani juu ya mita 2,000 ziwe dakika 3 kwa sababu kule maji yanatokota yakiwa na joto la chini zaidi. Huna cha kuchemshia? Klorini ya majimaji, ya kufulia nguo nyeupe, ile isiyo na manukato wala sabuni, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6, matone 2 kwa kila lita, koroga, subiri dakika 30. Maji yakiwa bado na ukungu weka matone 4. Lakini ujue kuchemsha na klorini vinaua vijidudu tu, maji yaliyoingiliwa na petroli au kemikali hayasafishiki hivyo, hayo achana nayo.

Friji usiifungue fungue. Ikikaa imefungwa inatunza ubaridi kama masaa 4, friza iliyojaa inafika masaa 48 na iliyojaa nusu masaa 24, ndo maana mi nafasi zote tupu za friza najaza chupa za maji. Usizijaze mpaka juu maana maji yakiganda yanavimba.

Sasa kuna kitu naomba usome polepole. Umeme ukikatika, au baridi ikizidi, watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani, au wanawasha jenereta kibarazani, wanafunga madirisha wanalala, na wengine hawaamki. Mkaa, jenereta, hata injini ya gari ndani ya gereji, vyote vinatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu na wewe unahisi tu kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, unadhani ni uchovu. Kwa hiyo mkaa hauingii ndani, hata kama dirisha liko wazi, hata kama umebaki majivu yanayofuka. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, na moshi wake uelekee mbali na milango na madirisha. Mkianza kuumwa kichwa watu wawili watatu kwa wakati mmoja ndani ya nyumba moja msijadiliane, tokeni nje kwanza, afu ndo mpige simu ya msaada.

Gesi ya kupikia ikinuka, usiguse swichi yoyote, wala kuwasha wala kuzima, cheche ndogo inatosha. Funga mtungi kama unaufikia, fungua madirisha, toka. Na mafuta yakishika moto kwenye kikaango usimwagie maji kabisa, yatalipuka yakurukie, zima jiko ufunike na mfuniko, usiufunue mpaka kipoe. Mtu akiungua mwagia sehemu hiyo maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, sio barafu na sio dawa ya meno.

Ukitoka kwenda porini, mlimani au safari ndefu ya miguu, kifaa cha kwanza ni mtu unayemwachia habari. Mwambie naenda wapi, napita njia gani, na nani, na mpaka saa ngapi kama sijakupigia uanze kunitafuta. Hiyo saa ndo inaokoa, bila hiyo watu wanaanza kujiuliza usiku wa manane. Beba filimbi, tochi, maji, kitu cha kula kisichohitaji kupikwa, koti la mvua, kiberiti kwenye mfuko usioingia maji. Filimbi mipigo mitatu, unapumzika, mitatu tena, ni ishara ya kuomba msaada inayojulikana sehemu nyingi, na sauti yako itakauka kabla filimbi haijachoka. Ukigundua umepotea kaa chini. Kweli kabisa, kaa, kunywa maji, kumbuka sehemu ya mwisho uliyokuwa na uhakika nayo, maana anayepotea miguu inamwasha atembee na kila hatua inapanua eneo la kumtafuta. Simu punguza mwanga, weka hali ya ndege ukiwa hutumii, na mtandao ukiwa hafifu tuma meseji badala ya kupiga, meseji inapenya pale ambapo simu inakata.

Radi: ukiona mwanga anza kuhesabu, ngurumo ikija kabla hujafika 30 basi radi iko ndani ya kilomita 10 na wewe uko kwenye hatari, ingia kwenye jengo la kueleweka au gari lenye bati juu. Chini ya mti hapana. Ndani kaa mbali na mabomba na vitu vilivyochomekwa kwenye umeme, na msitoke mpaka zipite dakika 30 toka ngurumo ya mwisho, wengi wanapigwa wakidhani imeshaisha.

Mafuriko yanadanganya macho. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanamwangusha mtu mzima, sentimita 30 zinabeba gari dogo, 60 zinabeba karibu gari lolote, na chini hujui kama barabara bado ipo. Geuza urudi, hata kama gari la mbele yako limepita.

Joto kali nalo linaua kimya kimya, hasa wazee, watoto wachanga na wanaofanya kazi nje. Mtu anatoka jasho jingi, misuli inakaza, kichwa kinauma, huyo mpeleke kivulini, mpe maji kidogo kidogo apumzike. Ila akianza kuongea vitu visivyoeleweka, au anapepesuka, au amezimia, mwili umeshafika digrii 40 hivi na hiyo ni kesi ya hospitali. Piga simu, na wakati mnasubiri mmwagie maji ya baridi mwili mzima mkimpepea, usimnyweshe kitu mtu asiyejitambua atapaliwa.

Baridi watu wanaidharau mpaka wafike theluji, kumbe digrii 10 na mvua na upepo zinatosha kushusha mwili chini ya digrii 35. Nguo ya pamba ikilowa inakaa na maji na inakuibia joto, sufu au polista ni bora. Anayetetemeka, anadondosha vitu, ulimi mzito, mvue nguo zilizolowa, mkaushe, mfunike, pasha moto kifua na shingo kwanza. Pombe hapana kabisa, inamfanya ajisikie joto wakati mwili unazidi kupoteza.

Ukimaliza zoezi la ile jioni funga begi moja kwa kila mtu: dawa anazotumia za wiki nzima, nakala za vitambulisho kwenye plastiki, pesa taslimu za noti ndogo ndogo, pawabenki yenye chaji, namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi, nguo za kubadili na viatu vilivyofunga mguu. Kubalianeni sehemu mbili za kukutana, moja hapo hapo nje ya nyumba kwa ajili ya moto na nyingine mbali kidogo kama mtaa wote haufikiki. Siku ile ile unapobadilisha maji ya madumu ndo unafungua na mabegi, angalia tarehe za dawa, chaji pawabenki, na uwajaribishe watoto viatu vyao, maana kila nikifungua ya kwetu, viatu vya watoto ndo huwa vimeshabana.