Pima Kijito Kiangazi, Ndipo Uamue Ulime Eneo Gani

Wakulima wengi wa bustani huamua ukubwa wa shamba la umwagiliaji wakati kijito kimejaa. Pampu inanunuliwa, mifereji inachimbwa, miche inapandikizwa. Ukifika ukame, maji hayapiti kifundo cha mguu na mazao yanakauka ndiyo kwanza yameanza kuweka matunda. Hasara hii inaepukika. Ujue kijito kinatoa maji kiasi gani pale yanapokuwa machache kabisa, kisha upange kilimo chako kwa kiasi hicho.

Kupima si kazi ya mtaalamu peke yake. Tafuta sehemu iliyonyooka, isiyo na majani wala mawe makubwa, maji yakienda sawasawa bila kuzunguka. Pima mita 10 kando ya ukingo na usimike mti mwanzoni na mwishoni. Pima upana wa maji, halafu ingia na fimbo yenye alama za sentimita upime kina mahali patano au sita kutoka ukingo hadi ukingo, utafute wastani. Zidisha upana kwa wastani wa kina, utapata eneo la maji yanayopita. Sasa tupa kitu kinachoelea huku sehemu yake kubwa imezama. Chungwa linafaa kuliko jani au chupa tupu, kwa sababu hizo husukumwa na upepo. Litupe juu kidogo ya mti wa kwanza ili lishike kasi ya maji kabla hujaanza kuhesabu sekunde. Rudia mara kadhaa, katikati na pembeni, uchukue wastani.

Kuna hatua inayorukwa mara nyingi. Maji ya juu hukimbia kuliko yale yanayosuguana na sakafu ya kijito, kwa hiyo kasi ya chungwa si kasi ya maji yote. Izidishe kwa 0.8, penye kina kifupi na mawe mengi, tumia 0.7. Tuseme kijito kina upana wa mita 1.2 na kina cha wastani cha mita 0.15: eneo ni mita za mraba 0.18. Chungwa limekwenda mita 10 kwa sekunde 25, yaani mita 0.4 kwa sekunde, ambayo ukiizidisha kwa 0.8 inabaki 0.32. Zidisha 0.18 kwa 0.32 unapata mita za ujazo 0.0576 kwa sekunde, karibu lita 58. Kwa chemchemi ndogo usihangaike na hesabu hizo. Elekeza maji yote kwenye bomba au gome la mgomba, kinga ndoo ya lita 20, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 8, una lita 2.5 kwa sekunde.

Namba hiyo ina maana ukiilinganisha na mahitaji ya mimea. Zao linalotumia milimita 5 za maji kwa siku, yaani lita 5 kwa kila mita ya mraba, linahitaji lita 50,000 kwa hekta kila siku, na ukimwagilia kwa mifereji ya udongo, karibu nusu ya maji inaweza kupotea kabla ya kufika kwenye mizizi. Lita moja kwa sekunde ikitiririka usiku na mchana ni lita 86,400. Kwa hiyo, kwa njia ya mifereji, lita moja kwa sekunde huenda isitoshe hata hekta moja kamili. Na si haki kuhesabu kijito chote kuwa chako: wapo walio chini yako, ipo mifugo, wapo samaki.

Pima asubuhi na upime tena alasiri. Kwenye vijito vidogo, maji ya kiangazi hupungua mchana kwa sababu miti ya ukingoni inayanywa, na huenda jirani wa juu naye amefungulia mfereji wake. Panga kwa kipimo kidogo.

Maji hayo ya kiangazi yanatoka wapi wakati mvua imekatika miezi mingi? Yanatoka ardhini. Mvua iliyozama wakati wa msimu hukaa katika nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga na katika nyufa za miamba, kisha huvuja polepole kuelekea bondeni. Kuna dhana kwamba chini kuna mito mikubwa inayokimbia. Sehemu nyingi haiko hivyo, maji yanapenya taratibu sana, pengine mita chache tu kwa mwaka. Na mvua yenyewe inatosha. Mwaka 1674 Mfaransa Pierre Perrault alionyesha kwamba mvua inayonyesha kwenye bonde la juu la mto Seine ni karibu mara sita ya maji yanayopita mtoni humo. Kwa mkulima, swali ni ngapi kati ya hizo mvua zinazama na ngapi zinakimbia.

Hapa ndipo shamba lako linapoamua. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Zikinyesha milimita 30 kwa saa moja kwenye udongo unaomeza milimita 10 tu kwa saa, milimita 20 zinakimbia: lita 200,000 kutoka hekta moja, zikiondoka na udongo wa juu na mbolea yako. Udongo wa kichanga humeza upesi, wa mfinyanzi polepole, lakini hata udongo mzuri wa tifutifu hufunga ukiachwa wazi. Matone yanaponda mabonge madogo, vumbi lake linaziba matundu, na jua likiwaka unaona ngozi ngumu iliyopasuka vipandevipande. Ichokoe kwa kisu: mara nyingi ni nyembamba, milimita chache, na chini yake udongo bado mkavu siku ileile ya mvua.

Jaribu mwenyewe. Chukua kopo lililokatwa kitako na mfuniko, likabaki wazi pande zote mbili, lididimize sentimita 5 ardhini, mimina maji, yakiisha mimina tena. Mwanzoni yatazama haraka. Endelea mpaka kasi itulie, kisha pima kwa rula yanashuka kiasi gani kwa saa. Fanya hivyo penye udongo mtupu na penye matandazo. Tofauti utakayoiona itakushawishi kuliko semina yoyote: acha mabua shambani, usichome, weka mboji, na kwenye mteremko lima kwa kufuata kontua, yaani mistari inayokata mteremko kwa usawa mmoja, ulizopima kwa fremu ya A (miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, ikining'inia kamba yenye jiwe la kuonyesha usawa). Matuta ya kukinga maji yawe na njia salama ya kutolea yanayozidi, yenye nyasi, la sivyo tuta moja likipasuka yote ya chini yake yanafuata.

Kisima nacho kinapimika. Asubuhi kabla mtu hajachota, teremsha kamba yenye uzito upime maji yako chini kiasi gani. Kisha pampu kwa muda, simamisha, uangalie yanavyopanda. Kisima chenye kipenyo cha mita 1 kikipanda sentimita 10 kwa dakika 10 kinaingiza karibu lita 470 kwa saa. Ukivuta zaidi ya hapo kwa muda mrefu, utavuta hewa. Udongo wa mfinyanzi unaweza kuwa umejaa maji na bado kisima kikatoa kidogo, kwa kuwa hauachii. Jihadhari pia na kisima kilicho karibu na kijito: kinaweza kuvuta maji yaleyale uliyokwisha kuyahesabu, kwa hiyo usiyajumlishe kana kwamba una vyanzo viwili.

Andika tarehe, kina cha kisima na lita za kijito katika daftari moja, mwezi uleule kila mwaka. Mkikutana na wenzenu wa juu na wa chini kupanga zamu za maji, anzieni kwenye namba hizo.