Somo: Kuthibitisha kwamba jani hujitengenezea chakula

Vitabu vyote vinasema mimea, mwani na baadhi ya bakteria hujitengenezea chakula. Leo tushuhudie wenyewe, kwa jani moja na iodini, dawa ya kahawia inayogeuka buluu nzito ikigusa wanga, yaani chakula ambacho jani huweka akiba.

Hatua ya 1. Weka mmea wa chunguni gizani kwa saa 48. Hapa ndipo wengi huharakisha. Jani lililoshinda juani tayari lina wanga; usiposubiri uishe, iodini itakuonyesha chakula cha juzi na jaribio zima halithibitishi kitu.

Hatua ya 2. Chagua jani laini. Bila kulichuma, funika sehemu yake kwa karatasi nyeusi, juu na chini, ubane kwa klipu. Toa mmea juani kwa saa sita hivi.

Hatua ya 3. Chuma jani, ondoa karatasi, lichemshe kwenye maji kwa dakika moja.

Hatua ya 4. Zima moto kabisa! Spiriti hudaka moto upesi. Tia jani kwenye neli yenye spiriti, uisimamishe ndani ya yale maji ya moto. Umbijani, yaani rangi ya kijani ya jani inayonasa mwanga wa jua, hutoka taratibu: spiriti inakuwa ya kijani, jani linapauka na kukakamaa kiasi cha kuvunjika.

Hatua ya 5. Lisuuze kwa maji ya uvuguvugu lilainike, litandaze kwenye kisahani cheupe, dondoshea iodini. Palipopigwa na jua patakuwa buluu nzito inayokaribia nyeusi. Palipofunikwa patabaki na ukahawia wa iodini tu, na ukingo wa karatasi utauona umejichora.

MASWALI

Mwalimu, langu limekuwa jeusi lote, hata palipofunikwa.
— Gizani liliingia kweli siku mbili? Rudia hatua ya 1.

Majani mekundu nayo hujitengenezea?
— Ndiyo. Umbijani umo, ila umefunikwa na rangi nyekundu.

Na uyoga?
— Hapana. Hauna umbijani, hufyonza chakula kutoka kwenye vitu vinavyooza au viumbe hai wengine.

Kwa hiyo pasipo jua hakuna anayejitengenezea chakula?
— Wapo. Mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, watafiti walikuta chemchemi za maji moto kwenye sakafu ya bahari, gizani kabisa, zimejaa viumbe. Bakteria wa huko hupata nishati kwa kuunguza gesi ya salfidi ya hidrojeni kwa oksijeni, kisha hutengeneza sukari kwa kabonidayoksaidi. Kuna minyoo mirefu isiyo na mdomo wala utumbo, inalishwa na bakteria hao wanaoishi mwilini mwake.