"Weka kiasi" ni vijiko vingapi?

Ukimuuliza bibi kipimo, atakuambia "weka kiasi". Usibishane naye. Ingia jikoni kwake na daftari, na kila anachochota kipitishe kwanza kwenye kikombe au kijiko. Ndivyo nilivyojua, kule Ujiji, Kigoma, kwamba "kiasi" cha mawese cha bibi yangu ni vijiko 4 vya chakula kwa migebuka wakavu 3, wale samaki wa Ziwa Tanganyika.

Andika pia anachofanya bila kusema. Bibi huwaosha migebuka kwa maji ya moto, huwatoa miba mikubwa, kisha hupasha mawese kwa moto mdogo. Yakitoa moshi, anasema, ladha imekwenda. Hukaanga kitunguu hadi kilainike, nyanya 2 hadi zipondeke, ndipo samaki na kikombe cha maji. Chumvi huja mwisho, baada ya kuonja mchuzi. Dakika 15 hivi, hadi mafuta yaelee juu, mekundu.

Siku za kazi nawachambua miba mapema, wakiwa wakavu. Jioni nabaki na mchuzi na kusonga ugali wa muhogo.

Kabla hujaandika kwa wino, mpikie mwenyewe aonje. Mimi alinirudisha kwenye chumvi mara mbili.