Wimbo wako unapigwa YouTube na TikTok: namna ya kuhakikisha malipo yanakufikia

Nasambaza nyimbo za wasanii wanaojitegemea, wengi wao wa Bongo Fleva na singeli. Swali linalonifikia zaidi ni moja: "Wimbo umebamba TikTok, mbona sioni hela?" Mara nyingi hela ipo, ila mtandao haujui ni ya nani, au unajua jina la mtu mwingine. Fuata mpangilio huu kabla hujapandisha kitu.

Hatua ya 1: Jua unamiliki nini

Wimbo uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani mashairi na melodi, na kuna rekodi yenyewe, ile ambayo studio wanaiita masta. Ukirudia taarabu ya zamani kwa sauti yako, rekodi mpya ni yako lakini utunzi unabaki kuwa wa mtunzi au warithi wake. Tanzania na Kenya zote hulinda utunzi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake.

Kuandika chini ya video "sina nia ya kuvunja hakimiliki" hakukupi ruhusa yoyote. Wala hakuna sheria inayosema sekunde 15 ni za bure.

Hatua ya 2: Andikianeni kabla hamjatoka studio

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa, kwa hiyo usiharakishe. Anza na biti. Uliinunua ikawa yako peke yako, uliikodi huku wasanii wengine nao wakiruhusiwa kuitumia, au ni prodyuza mshikaji wako alikupa tu? Kulipia saa za studio hakumaanishi umenunua biti, na prodyuza naye asidhani kwamba kwa kuwa kompyuta ni yake basi masta ni yake. Msipokubaliana, kila mmoja ataondoka na imani yake, na wimbo ukivuma imani hizo zitakutana kwa wakili.

Karatasi moja inatosha. Iwe na jina la wimbo, majina ya kwenye vitambulisho pamoja na ya kisanii, asilimia za utunzi, asilimia za masta, jina la atakayepandisha wimbo, tarehe na sahihi. Tenganisha asilimia za utunzi na za masta, na kila upande ujumlishe 100. Kwa mfano, msanii na prodyuza wanaweza kugawana utunzi 60 kwa 40, huku masta ikiwa ya msanii yote kwa sababu alinunua biti moja kwa moja. Aliyeshirikishwa aandikwe pia, hata kama amesema "mimi nimekuja kusapoti tu". Wimbo ukifika mamilioni ya watazamaji, mara nyingi sapoti hiyo hubadilika.

Kwa Kenya, kumhamishia mtu hakimiliki au kumpa leseni ya kipekee ni lazima kufanyike kwa maandishi. Sauti ya WhatsApp haitoshi.

Hatua ya 3: Sajili kazi

Hakimiliki huanza pale kazi inapoundwa. Usajili unakupa ushahidi. Tanzania nenda COSOTA, Kenya ni KECOBO, ndizo ofisi za serikali za hakimiliki. Baada ya hapo jiunge na chombo cha kukusanya mirabaha. Nchini Kenya, MCSK imekuwa ya watunzi, PRISK ya waimbaji na wapigaji vyombo, na KAMP ya wamiliki wa rekodi, lakini leseni za vyombo hivi zimekuwa na mivutano, kwa hiyo iulize KECOBO nani ana leseni hai kabla hujajaza fomu. Tanzania, COSOTA ilikuwa ikikusanya yenyewe. Siku hizi kazi hiyo imeachiwa kampuni za wenye haki, na COSOTA inabaki msimamizi.

Redio, baa na hoteli hulipia kupitia vyombo hivi. Pesa ya rekodi yako mtandaoni inapita njia nyingine.

Hatua ya 4: Tumia msambazaji

Kupandisha video kwenye chaneli yako hakutoshi. Mpelekee msambazaji, yaani kampuni inayofikisha nyimbo kwenye mitandao, faili la sauti ili wimbo uingie kwenye maktaba za TikTok, Instagram na Facebook. Atakupa ISRC, namba ya utambulisho wa rekodi yenye jumla ya herufi na tarakimu 12. Itunze. Ukihama msambazaji, hama nayo, la sivyo hesabu za wimbo mmoja zitagawanyika.

Omba pia Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua sauti yako ndani ya video za watu wengine. Haufunguliwi kwa kila mtu, hivyo wengi wetu huufikia kupitia msambazaji. Onyo moja tu: usisajili humo wimbo wenye biti ya kukodi. Mfumo utaanza kudai video za wasanii wengine waliokodi biti ileile, na msambazaji anaweza kukufungia akaunti.

Hatua ya 5: Tofautisha dai na straiki

Mtu akitumia wimbo wako, Content ID hukuruhusu kuzuia video, kuifuatilia, au kuchukua mapato ya matangazo yake; hilo ndilo dai. Mimi karibu kila mara huchagua mapato, maana video ya harusi ya watu inakutangaza bure. Straiki, yaani onyo la YouTube kwa chaneli iliyovunja hakimiliki, ni adhabu nzito zaidi: tatu ndani ya siku 90, na chaneli inaweza kufungwa.

Na dai likiangukia video yako mwenyewe? Usitukane mtu kwanza. Soma jina la mdai, mara nyingi ni msambazaji wako. Mwombe airuhusu chaneli yako. Kama ni mgeni, wasilisha pingamizi ukiwa na ile karatasi ya hatua ya 2. Mdai ana siku 30 za kujibu.

Hatua ya 6: Fuata pesa

Pesa ya rekodi inayotumika kwenye TikTok haiji kwenye akaunti yako ya TikTok, inakuja kwenye ripoti ya msambazaji, tena kwa kuchelewa. YouTube hulipa chaneli kupitia AdSense, mfumo wa Google wa malipo ya matangazo, ukifikisha dola 100. Jaza fomu ya kodi ya Marekani. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na nchi hiyo, hivyo utakatwa asilimia 30 ya mapato ya watazamaji wa kule. Usipoijaza, makato yanaweza kugusa mapato yako ya dunia nzima.

Matangazo ya biashara ni habari nyingine kabisa. Leseni ya mtandao inamruhusu shabiki kucheza wimbo wako, haimruhusu mwenye duka kuuzia viatu. Kampuni ikiutaka, andikeni mkataba unaotaja mitandao, nchi, muda na malipo, usainiwe na mwenye utunzi na mwenye masta. Faili la WAV, yaani sauti yenye ubora kamili, litume baada ya malipo ya awali kuingia.